Jina Chini ya Picha ya Wauza Maziwa

Jumapili, saa tisa alasiri.

Upepo umevuma tangu asubuhi hapa Noonkopir, Kitengela. Vumbi limeingia dirishani, limeingia kwenye chai, limeingia hadi kwenye sufuria ya muthokoi niliyoiacha wazi jikoni. Kanisani nilienda, nikakaa benchi ya nyuma kabisa, na ukiniuliza mahubiri yalihusu nini nitakudanganya.

Nimekosea. Naandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kuliweka jambo hili. Wanaosoma blogu hii ni wachache, na mmoja wao ni dada yangu ambaye husoma ili apate cha kunisuta. Dada, leo hutahitaji kutafuta.

Nianze na Alhamisi.

Alhamisi tuliwapeleka watoto wa Gredi ya Tano kwenye makumbusho madogo ya historia pale Kajiado mjini. Mimi ndiye mwalimu wao wa darasa na ndiye ninayewafundisha masomo ya jamii. Safari hiyo niliipigania muhula mzima. Niliandika barua, nikazungusha fomu za ruhusa, nikamfuata mwalimu mkuu hadi akawa akiniona anajifanya anaongea na simu. Nilitaka watoto waone historia ya mahali wanapoishi, maana wengi wao wanayajua majumba ya Nairobi kuliko wanavyoijua Kajiado yenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye barua. Sababu ambayo sikuiandika ni kwamba nilitaka kuonekana. Mwalimu wa Gredi ya Nne aliwapeleka wake kwenye kiwanda cha maziwa, na picha zake zilisifiwa mwezi mzima.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili. Cha kwanza kina vibuyu, ngao, viti vya miguu mitatu na taa ya zamani ya reli. Cha pili ni picha tu, ukuta mzima. Dada anayewaongoza wageni alitueleza kwamba picha nyingi walipewa na watu waliokuwa wakizunguka minadani na kamera zao, na kwamba nyingi zilikuja bila majina. Kwa hivyo chini ya kila picha isiyo na jina amebandika karatasi na kufunga penseli kwa uzi. Juu ya karatasi ameandika: Unamjua huyu? Tuandikie jina lake. Niliona ni jambo zuri sana. Bado naona ni jambo zuri, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Kulikuwa na picha ya wanawake watatu wakiuza maziwa Bisil siku ya mnada. Mitungi ya njano iko miguuni, ng'ombe wako nyuma yao. Wa katikati anacheka na amegeuza uso kidogo, kama aliyeitwa na mtu wa pembeni. Watoto walikuwa wanazipita picha mbiombio kama kawaida yao, halafu mmoja akasimama.

"Teacher, huyu anakaa kama Naserian."

(Naserian si jina lake. Nimejifunza, ingawa nimechelewa.)

Darasa zima likarudi. Wakaitazama picha, wakamtazama Naserian, wakaitazama picha tena. Ilikuwa kweli. Lile paji la uso, lile tabasamu la upande mmoja, hata namna ya kuinua bega. Naserian alisimama mbele ya picha, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mum."

Nilijua mama yake alifariki. Kwenye fomu za shule, sehemu ya mama, limeandikwa jina la nyanya yake ambaye ndiye aliyemlea. Mwalimu aliyenikabidhi darasa aliniambia mama alikufa mtoto akiwa na miaka miwili tu. Nikasogea karibu. Sitajisingizia wema wote: nusu ilikuwa huruma, na nusu ilikuwa furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Niliona hadithi nzima hapo hapo. Mtoto ampata mama yake ukutani.

Nikamwambia aandike jina.

Akatikisa kichwa.

Nikachuchumaa, nikamshika bega. "Usiogope. Ni jina tu."

"Teacher, hatusemangi."

Hapa ndipo natamani mtu angenivuta sikio. Mimi niliyehudhuria semina mbili za ushauri nasaha, nikapewa na cheti, niliposikia "hatusemangi" nilisikia mtoto aliyefungiwa huzuni yake nyumbani. Nilisikia watu wazima wasiojua kuongea na watoto habari za kifo. Nikajipa kazi ya kumfungua. Nikamsimulia kwamba mimi naitwa Ndunge kwa sababu nyanya yangu, mama wa baba, aliitwa Ndunge. Alikufa kabla sijazaliwa, na kwetu Makueni kila anayeniita mimi anamwita na yeye. Baba yangu hadi leo ananiita mama. Nikamwambia Naserian kwamba mtu anayetajwa hajafa kabisa. Halafu, nilipoona bado ameinamisha kichwa, nikamwuliza, "Kwani unataka watu wapite hapa kila siku na hawamjui mamako?"

Swali hilo halikuwa la haki. Mtoto wa miaka kumi na moja angejibu nini?

Akaishika penseli. Aliandika kwa mkono mwepesi sana, herufi zikawa hazisomeki. Nikamwambia, "Kaza penseli, haionekani."

Akakaza.

Dada wa makumbusho akapiga makofi, darasa nalo likapiga makofi. Nikamsimamisha Naserian mbele ya picha, nikamwambia asogee katikati kidogo, nikampiga picha na kuituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kabla hata basi halijawasha injini. Chini yake niliandika maneno matamu, pamoja na jina la marehemu, la kwanza na la ukoo. Mioyo ikaanza kumiminika, Amen zikafuata. Mwalimu mkuu akaandika, "Kazi nzuri, Madam." Niliyasoma maneno hayo mara nne kati ya Kajiado na Isinya.

Naserian alikaa kiti cha mbele, ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Nilidhani amelala.

Hatukuwa tumefika Kitengela wakati baba yake mdogo, Lemayian, alipoandika kwenye kundi. "Mwalimu, nani alikuambia utaje hilo jina?" Kisha akatoka kwenye kundi. Niliifuta picha pamoja na maneno yangu yote matamu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Aliyenieleza ni mwenzangu, Mwalimu Simaloi, Ijumaa asubuhi, tukiwa wawili tu kwenye chumba cha walimu. Kwa Wamaasai jina la mtu aliyekufa halitajwi. Si siri na si aibu, ni heshima. Mtu akizikwa, jina lake nalo linapumzishwa. Watasema mama wa fulani, au yule tuliyekuwa naye. Siku hizi wapo wasiofuata sana, hasa wa mjini, na Simaloi mwenyewe jina la marehemu baba yake amelijaza kwenye fomu za kazi mara nyingi. "Lakini sio kwa nyumba yenye wazee," akaniambia. "Na sio mtoto wake, Ndunge. Huyo ndiye wa mwisho unaweza kumwambia alitaje."

Nilikuwa nimeshasikia.

Hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika. Nimeishi Kitengela miaka kumi na moja. Nimekunywa chai kwa Wamaasai, nimecheza kwenye harusi zao, nimesimama kwenye mazishi yao mawili. Habari hiyo niliwahi kuambiwa, nikaiweka pamoja na mambo ya kitabuni, nikajiambia hawa siku hizi ni watu wa kanisa, wana simu, wamebadilika. Na ni mimi ninayesimama mbele ya darasa kila muhula kufundisha mila na desturi za jamii za Kenya. Natoa hata alama.

Ijumaa Naserian hakuja shule.

Na kama hiyo haitoshi, ilikuwa siku ya insha. Nilikuwa nimewapa kichwa tangu mapema wiki hiyo: Safari Yetu ya Makumbusho. Wakaandika. Nusu ya darasa waliandika habari za mama yake Naserian, na kwa kuwa niliwafundisha mwandishi mzuri hutaja majina, wakalitaja, wengine wakikosea herufi. Madaftari yako hapa mezani. Nimekaa tangu saa saba na kichupa cha wino mweupe nikilipaka jina hilo, daftari moja baada ya jingine. Katika maisha yangu ya ualimu sijawahi kumfutia mtoto kitu alichokiandika sawasawa.

Jana nilienda kwao. Simaloi alinionya nisiende mikono mitupu, kwa hivyo nilibeba sukari na majani ya chai, na pikipiki ikanipeleka mbele ya Kisaju, pale ploti zinapoisha na nyasi kuanza. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba msamaha kama mtoto anayeenda kukariri shairi kwenye tamasha. Nilipofika, watoto wadogo walikuja wakainamisha vichwa niwaguse utosini, kama wanavyomsalimia mtu mzima. Heshima ile nusura inirudishe nilikotoka.

Nyanya yake alitoka nje, mama mrefu aliyejifunga shuka mbili. "Takwenya," akanisalimia. "Iko," nikaitikia. Akaniwekea kiti kivulini na kuagiza chai. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Lemayian ndiye aliyeongea. Ni mtu mpole, na upole wake ulizidi kunimaliza.

"Teacher, sisi sio watu wa giza. Mimi ni shemasi. Lakini mama yangu hapa hajasikia hilo jina miaka tisa. Halafu Alhamisi jirani anakuja na simu, anamsomea kwa sauti, anafikiria ni habari njema."

Nyanya akasema kitu kwa Kimaasai, polepole, akitazama kikombe chake. Lemayian akanitafsiria.

"Anasema umemwita, na yeye hawezi kuitika."

Mazoezi yangu yote yalipotea. Nikasema nimekosa. Nikasema pole. Halafu nikalia, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu sasa wao ndio wakaanza kunibembeleza mimi. Nyanya mwenyewe, mwenye msiba wake, akaniongezea chai.

Lemayian akasema wanaomba mambo mawili. Jina lifutwe, na picha iondolewe ukutani ili asije mwingine akaandika tena. Nilikubali kabla hajamaliza. Niliahidi kwamba wiki hii hii nitaenda Kajiado mwenyewe. Nikamwahidi nyanya, nikamwahidi Lemayian, mbuzi wangesogea ningewaahidi na wao. Nilikuwa nimefurahi kupata adhabu ninayoiweza. Nyanya hakusema lolote kuhusu picha. Naserian alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni akichambua maharagwe, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Nikauliza kama wanaweza kumruhusu arudi shule.

"Hatujamkataza," akasema Lemayian. "Uniform iko hapo, imefuliwa. Ni yeye alikataa."

Wakati wa kuondoka nyanya alimtuma anisindikize hadi barabarani. Alinibebea mkoba. Tulipokuwa karibu na lami akauliza, "Teacher, picha wataitoa lini?"

Nikamjibu labda Jumanne. Nilidhani anataka itolewe haraka.

Akatembea hatua kadhaa. "Mimi sikuwa nimemaliza kuiona," akasema. "Ulikuwa unaniambia niandike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayekuambia hakumaliza kunakili kwa sababu ulifuta ubao mapema. Nikamwuliza kama nyumbani hakuna picha nyingine. Akasema ipo ile ya kitambulisho, koko, yaani nyanya yake, ameifungia kwa sanduku, aliwahi kuonyeshwa mara moja.

"Lakini kwa hiyo picha hacheki."

Akanipa mkoba wangu, akainamisha kichwa nimguse. Nikamgusa. Akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Nilipofika hapa nilifungua simu kabla ya kuvua viatu. Kwenye kundi niliifuta ile picha, lakini kwenye simu bado ipo, na nilifikiri angalau nitamchapishia. Naserian amesimama katikati kama nilivyomwelekeza. Kichwa chake kimefunika uso wa mama yake wote. Wale wanawake wawili wa pembeni wanaonekana vizuri kabisa.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kinachonikosesha amani sasa si ya Alhamisi peke yake. Alhamisi nilimlazimisha mtoto aseme. Jana nikasema kwa niaba yake, yuko hapo mbele yangu na sinia la maharagwe, na sikumgeukia hata mara moja. Ya Alhamisi naweza kujitetea kwamba sikujua, ingawa nilijua. Ya jana sina hata uongo wa kujifunika nao.

Dada wa makumbusho nimempigia leo baada ya ibada. Amesikitika kweli, maskini, na amesema karatasi yenye jina ataibandua kesho asubuhi kabla hawajafungua. Hilo limekwisha, na lilikuwa haki ya nyanya. Ni picha ndiyo imenikaa kooni. Tangu saa sita nimemwandikia Lemayian ujumbe mara tatu na kuufuta. Nataka kumwomba picha isiguswe kwanza. Naserian apelekwe aitazame hadi atosheke, nyanya yake aende naye akipenda, mimi nisiwepo, na baada ya hapo waamue wenyewe, na mtoto naye aulizwe. Lakini mimi ni nani wa kurudisha nyuma ahadi niliyoitoa nikinywa chai yao? Anaweza kusema hapana. Akisema hapana atakuwa na haki, na picha itatoka ukutani kwa sababu nilikimbilia kuahidi.

Na kuna swali jingine ambalo sina ujasiri wa kulijibu. Je, haya nayafanya kwa ajili yake, au ni ile tamaa yangu ya Alhamisi imebadilisha nguo, sasa nataka kuwa mwalimu aliyerekebisha?

Sijui. Pengine ni yote mawili. Lakini mtoto hajamaliza kumwona mama yake, na hilo ni kweli hata kama mimi ni mtu wa kujionyesha.

Nimeutuma ujumbe sasa hivi. Alama mbili zimetokea, bado hazijageuka buluu.

Kesho Jumatatu, kengele ikilia, nitafungua rejista nianze kuita majina. Mtoto asipoitikia huwa naita mara tatu, kila mara nikipandisha sauti, mpaka mwenzake aniambie hayupo. Kesho nikifika kwa Naserian nitaita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, halafu nitangoja.